Maswali ya Lugha: Kiingereza Kinachopitia Kicheki

Katika toleo lililopita nilijibu kwa ufupi barua ya msomaji aliyeuliza iwapo mtu anaweza kujifunza Kiingereza akiwa katika nchi ambayo Kiingereza si lugha ya mitaani, nami nikatoa mfano wa Jamhuri ya Cheki. Sikutarajia kwamba mfano huo mdogo ungeniletea barua nyingi namna hii kutoka kwa Waswahili wenzetu waishio huko, ambao wamejikuta darasani wakiwa na karatasi yenye safu mbili, Kiingereza kushoto na Kicheki kulia, huku Kiswahili kimebaki nje ya mlango. Mimi mwenyewe niliishi Brno miaka sita nikisoma na kufasiri, na madaftari yangu ya msamiati ya wakati huo bado ninayo. Kwa hiyo ukurasa wa mwezi huu nimewaachia wao, pamoja na msomaji mmoja wa Tanga ambaye barua yake nimeiweka mwisho kwa kuwa ilinifurahisha kuliko zote.

Swali (kutoka Brno): Mwalimu, shikamoo. Nilizaliwa Kigoma, nikamaliza darasa la saba, na mwaka huu natimiza miaka minne hapa Brno pamoja na mume wangu. Kicheki cha dukani na cha ofisi za serikali nakiweza. Sasa nahudhuria kozi ya jioni ya Kiingereza, na kila wiki tunapewa karatasi ya maneno arobaini yenye tafsiri za Kicheki. Nikisoma neno la Kiingereza, natazama Kicheki chake, halafu Kicheki nacho nakigeuza Kiswahili ndipo nielewe. Nimekuwa kama mtu anayetoka Kigoma mjini kwenda Ujiji kwa kupitia Dodoma. Je, niachane na safu ya Kicheki?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Usiiache, ila usikubali ikae peke yake. Chukua rula, piga mstari mwingine upande wa kulia wa karatasi hiyo, na jioni ileile uliyopewa ujaze safu ya tatu ya Kiswahili kwa mkono wako mwenyewe. Nasisitiza uijaze wewe, wala usiiachie simu ikufanyie, kwa sababu katika kulitafuta neno la Kiswahili linalolingana ndipo utakapoona kwamba lugha hizi tatu haziigawi dunia kwa mipaka ileile, na makosa mengi ya wanafunzi hutokea pale ambapo mpaka upo katika lugha moja na haupo katika nyingine.

Anza na mwili. Karatasi yako itakuwa na neno "hand", na mbele yake "ruka". Wiki nyingine litakuja "arm", na mbele yake utakuta "ruka" tena, au "paže" ikiwa mwalimu wenu ni mwangalifu. Mcheki husema ruka kuanzia begani hadi ncha za vidole, kama sisi tunavyosema mkono. Noha yake ni mguu wetu, kuanzia nyonga hadi unyayo, ilhali Mwingereza hukata kwenye kifundo, akaita sehemu ya juu "leg" na ya chini "foot". Prst nayo ni kidole, kiwe cha mkono au cha mguu, ambapo Mwingereza ana "finger" na "toe". Hapa Kicheki na Kiswahili zimesimama upande mmoja, na hatari iko hapohapo, kwa kuwa mwanafunzi akiona safu mbili zimekubaliana hudhani ya tatu nayo imekubali. Mimi niliwahi kuteguka mkono juu kidogo ya kiwiko, nikapelekwa kwa daktari ambaye alikuwa mgeni nchini kama mimi, tukawa tunazungumza Kiingereza. Nikamwambia kwamba "hand" yangu inauma. Akakishika kiganja changu, akakibonyeza kidole baada ya kidole kwa upole kabisa, huku mimi namwangalia na maumivu yangu yako sentimita thelathini juu ya mahali aliposhika.

Pengine mambo hugeuka, na sisi ndio tunaokuwa na maneno mengi kuliko wote. Kwa kitenzi "wash" utapewa "mýt" na "prát": Mcheki hufua nguo kwa prát, na huosha vyombo, mikono na gari kwa mýt. Sisi tunafua nguo, tunaosha vyombo, tunanawa mikono, tunaoga mwili mzima, na mwenye kwenda kuswali hutawadha. Mwingereza anaweza kuyatia hayo yote katika neno moja, kwa hiyo unapozungumza huna la kuogopa. Kazi inakuja unaposoma, kwa sababu inakubidi utazame kwanza kinachosafishwa ni nini ndipo ujue kama ni kufua au kunawa.

Ningependa ukazie macho zaidi maneno "borrow" na "lend". Katika karatasi yako "borrow" imeandikiwa "půjčit si", na "lend" imeandikiwa "půjčit". Tofauti yote imebebwa na kijineno cha herufi mbili, si, kinachoonyesha kwamba mtendaji anajifanyia mwenyewe, na wanafunzi wanaonakili kwa haraka hukiacha bila kujua wameacha nini. Kwetu nako kuna mtego, maana kitenzi kuazima wengi wetu tunakitumia pande zote mbili: tunasema nimeazima jembe kwa jirani, na jirani huyohuyo tunamwambia niazime jembe lako. Matokeo yake ni kwamba Mcheki na Mswahili wote wawili husema "borrow me a pen", sentensi ambayo Mwingereza huielewa lakini yeye haisemi. Basi katika safu yako usiandike kuazima peke yake. Mbele ya "borrow" andika "naazima kutoka kwake", na mbele ya "lend" andika "namwazimisha", ili mwelekeo wa kitu kinachohama uonekane katika maneno yenyewe. Kijineno cha namna hiyo utakikuta tena katika učit, ambayo ni kufundisha, na učit se, ambayo ni kujifunza. Hapo Kiswahili kinakubeba vizuri sana, kwa kuwa -ji- iliyomo ndani ya kujifunza inafanya kazi ileile ya se ya Kicheki, na "teach" na "learn" hazitakusumbua kamwe.

Kuna mahali ambapo nakushauri umruke Mcheki kabisa. Yeye kwa "say" na "tell" ana kitenzi kimoja, říct, na nimewasikia wanafunzi Wacheki, hata waliosoma miaka mingi, wakisema "he said me". Wewe una sema na ambia. Aliyesema amesema neno, na aliyeambia ameambia mtu. Hakuna Mswahili anayesema "alinisema kwamba anakuja" akiwa na maana ya kunijulisha, maana kunisema ni jambo lingine la ugomvi. Chukua sema uiweke mbele ya "say", ambia mbele ya "tell", na umemaliza somo ambalo wenzako wa darasani watalihangaikia mwaka mzima. Maneno mengine, kama kusikia na kusikiliza, ambayo kwa Kicheki ni slyšet na poslouchat na kwa Kiingereza "hear" na "listen", yanalingana katika lugha zote tatu, na hayo yapite haraka.

Safu ya tatu ikishajaa, ikunje karatasi mara mbili ili safu ya kati imezwe ndani ya mkunjo, Kiingereza na Kiswahili vitazamane, ujisomee hivyo. Ukikwama, kunjua. Ile safari yako ya Dodoma utaifanya siku ambazo njia fupi imefungwa tu.

Swali (kutoka Brno, msomaji huyohuyo): Mbele ya "buy" wameandika maneno mawili, "kupovat" na "koupit". Nikariri yote mawili?

Jibu: Kwa ajili ya Kiingereza, hapana. Vitenzi vingi vya Kicheki huja viwili viwili, kimoja cha tendo linaloendelea au linalorudiwarudiwa na kingine cha tendo lililotimia, na watunga orodha huviandika vyote kwa uaminifu. Kwako wewe vyote ni kununua. Kuendelea au kutimia kwa tendo utakuonyesha kwa nilikuwa nanunua, hununua au nimenunua, na Kiingereza nacho kina njia zake za nyakati ambazo hazihusiani na jozi hiyo.

Swali (kutoka Praha): Natoka Bukavu na nafanya kazi katika mgahawa. Wateja wetu wengi ni watalii, kwa hiyo tajiri ametaka sote tujifunze Kiingereza, akatupa orodha ya maneno ya kazi yenye tafsiri za Kicheki. Juzi nilimwandikia mteja aliyeweka nafasi kwa ajili ya rafiki yake kwamba "the host must wait at the door", nikikusudia kwamba mgeni atusubiri mlangoni. Akajibu kwa mshangao kwamba hapana haja ya kumsimamisha mwenye mgahawa nje kwa ajili yake. Je, kosa ni langu au ni la orodha?

Jibu: Ndugu yangu, kosa ni la herufi nne. Host kwa Kicheki ni mgeni, na "host" kwa Kiingereza ni mwenyeji. Ni neno lililoandikwa sawasawa likiwa na maana zinazotazamana uso kwa uso. Wacheki wana methali isemayo "Host do domu, Bůh do domu", yaani mgeni akiingia nyumbani Mungu naye ameingia nyumbani, jirani kabisa na ile yetu ya mgeni njoo mwenyeji apone. Ukiisoma methali hiyo kwa macho ya Kiingereza utadhani ni mwenyeji anayerudi kwake. Na kwa kuwa unatoka Bukavu, bila shaka Kifaransa nacho kimekuchangia, kwani hôte ya Kifaransa hubeba maana zote mbili, ya mgeni na ya mwenyeji. Katika orodha yako mgeni mwandikie "guest", na hostitel, ambaye ndiye mwenyeji, mwandikie "host".

Kwa kazi yako ya jikoni yapo mengine ya kuangaliwa kabla hayajakuaibisha. Šéf ni bosi, na anaweza kuwa bosi wa karakana au wa benki; "chef" ya Kiingereza ni mpishi mkuu tu, ambaye kwa Kicheki ni šéfkuchař. Menu inayoandikwa kwenye ubao nje ya migahawa ya Praha mchana ni mlo uliopangwa kwa bei moja, ilhali "menu" ya Kiingereza ni ile orodha ya vyakula anayopewa mteja mezani, yaani jídelní lístek. Recept ni maelezo ya upishi, na pia ni karatasi ya daktari ya kuchukulia dawa, wala si "receipt". Hapa risiti yetu ya Kiswahili itakuokoa, kwa maana ilitoka kwenye Kiingereza na maana yake haikupotea njiani, na Mcheki huiita účtenka. Pasta ni kitu laini cha kupaka, kama dawa ya meno, na tambi ni těstoviny. Kuhusu vihifadhi vya chakula, ambavyo kwa Kiingereza huitwa "preservatives", nakuomba usimtamkie Mcheki neno linalofanana na hilo ukiwa umeshika chupa ya achari, kwa sababu prezervativ kwake ni kondomu.

Halafu kuna viazi. Mwingereza akiagiza "chips" anataka chipsi kama za Dar es Salaam, za moto, zilizotoka kwenye karai sasa hivi, na Mcheki huziita hranolky. Mmarekani akisema "chips" anataka vile vikavu vya kwenye pakiti, ambavyo kwa Kicheki ni brambůrky au čipsy. Hivyo neno čipsy la Kicheki limefuata Marekani, na chipsi yetu imefuata Uingereza, nawe umesimama katikati na sahani. Muulize mteja kama anataka za moto.

Kuna kundi lingine ambalo mtu wa Bukavu linamdhuru kuliko mtu wa Kigoma. Eventuálně ya Kicheki ni "huenda" au "ikibidi", na éventuellement ya Kifaransa ni hivyohivyo, lakini "eventually" ya Kiingereza ni "hatimaye". Aktuální na actuel ni "ya sasa", ilhali "actual" ni "halisi". Sympatický na sympathique ni mtu wa kupendeza, ilhali "sympathetic" ni mtu mwenye huruma. Unapoona lugha mbili unazozijua zimekubaliana hivyo, ni rahisi sana kuamini kwamba Kiingereza ndicho kilichokosea. Pengine ni kweli, lakini mteja ndiye anayelipa. Tajiri akikuambia kwa Kiingereza chake cha Kicheki kwamba "eventually you work on Sunday", usipange mambo yako ya Jumapili kabla hujamuuliza kwa Kicheki anamaanisha nini.

Swali (kutoka Olomouc): Nilipigiwa simu kuitwa kwenye usaili wa kazi. Aliyenipigia ni Mcheki, na kwa Kiingereza aliniambia "half eight". Nikafika saa mbili na nusu asubuhi, wakaniambia nimechelewa saa nzima. Nani aliyekosea?

Jibu: Pole sana. Mcheki akisema půl osmé anahesabu nusu ya saa ya nane, ile inayoendelea kujaa, kwa hiyo anamaanisha 7.30. Mwingereza katika mazungumzo ya kawaida akisema "half eight" ameacha tu neno la katikati la "half past eight", naye anamaanisha 8.30. Msemaji wako alifasiri neno kwa neno kutoka lugha yake, na wewe ukamsikiliza kwa sikio la Kiingereza. Kila mmoja alikuwa sahihi kwake, na saa moja ikapotelea katikati.

Kwa Mswahili jambo hili lina hatua moja zaidi. Wakati huohuo wa 7.30 asubuhi Mcheki anataja nane, Mwingereza anataja saba, nasi tunataja moja, kwa kuwa ni saa moja na nusu. Robo nazo ziko hivyo: čtvrt na osm ni 7.15, saa moja na robo, na tři čtvrtě na osm ni 7.45, ambayo kwa Kiingereza ni "quarter to eight" na kwetu ni saa mbili kasorobo. Mimi nilipokuwa Brno nilikata shauri kwamba miadi yoyote ya simu nairudia kwa tarakimu za saa ishirini na nne, sifuri saba thelathini, kama zilivyoandikwa kwenye ratiba za treni, na hakuna aliyewahi kuniona mjinga kwa hilo. Ukumbuke pia kwamba hodina ni saa ya muda, hodiny ni saa ya ukutani na hodinky ni saa ya mkononi, na Kiingereza nacho kina maneno matatu tofauti, "hour", "clock" na "watch". Ni sisi peke yetu tunaotosheka na saa moja kwa yote.

Swali (kutoka Ostrava): Binti yetu yuko darasa la tatu. Nyumbani tunazungumza Kiswahili, shuleni ni Kicheki, na mwaka huu wameanza Kiingereza. Juzi bibi yake alipopiga simu kutoka Arusha, mtoto alipokea akasema "Please?" Mume wangu anaona lugha tatu zinamchanganya, anataka tuache Kiswahili. Ushauri wako ni upi?

Jibu: Msiache Kiswahili. Huyo mtoto hajachanganyikiwa hata kidogo. Amefasiri kwa usahihi kile alichofundishwa. Katika orodha za darasa la tatu, ambalo ndilo darasa ambalo shule za Cheki hutakiwa ziwe zimeanza lugha ya kigeni, "please" huandikiwa prosím, na mwalimu hana nafasi ya kueleza zaidi. Lakini prosím ni neno lenye mizigo. Mcheki hulisema anapoomba kitu, hulisema anapokupa kitu mkononi, hulisema ukimshukuru, akikosa kusikia vizuri huuliza "Prosím?", na akiinua simu ndilo analolisema kabla ya lolote. Kwa Kiingereza hayo ni "please", "here you are", "you're welcome", "pardon?" na "hello", kila moja mahali pake.

Mweleze binti yako kwa kutumia karibu. Tunasema karibu kwa mgeni mlangoni, karibu kwa mpita njia anayetukuta tunakula, karibu kwa aliyesema asante, na karibu kwa duka lisilo mbali. Mtoto aliyekua na neno la namna hiyo anajua tayari kwamba neno moja linaweza kuwa na kazi nne, na anachohitaji ni kuambiwa kwamba prosím nayo iko hivyo, ilhali "please" ina kazi moja tu ya kuomba. Muigize nyumbani: mmoja awe mwenye duka, mwingine mnunuzi, simu ya kuchezea iwe pembeni. Bibi yake wa Arusha apige tena Jumapili, na mtoto amjibu kwa Kiswahili, kwa shikamoo.

Swali (kutoka Plzeň): Mimi ni Mzanzibari. Nina kitabu cha Kiingereza cha Wacheki ambacho kando ya kila neno wameandika matamshi kwa herufi za Kicheki. "Thank you" wameandika "tenk jú". Je, nifuate matamshi hayo?

Jibu: Yafuate mahali pachache, na mahali pengine amini ulimi wako. Kicheki hakina sauti ya th iliyomo katika thamani, wala ya dh iliyomo katika dhahabu, wala ya w iliyomo katika wali. Kwa hiyo mtunzi wa kitabu hana herufi ya kuziandikia, naye huweka t au s, d au z, na v. Wewe umezaliwa nazo zote tatu. Kusoma "tenk" ni kujinyang'anya sauti uliyofundishwa tangu chuoni. Hata ng' ya ng'ombe, ambayo humaliza maneno kama "sing", Wacheki wengi huimalizia kwa k.

Soma herufi zenyewe kwa hadhari: j ya Kicheki ni y yetu, ndiyo maana "jú" ni yuu; č ni ch yetu, š ni sh, ň ni ny, c peke yake ni ts, na ch ni kh ya kooni. Alama ya mkwaju juu ya irabu huonyesha urefu, wala haionyeshi mkazo, na hapa ndipo kitabu chako kinapokufaa kweli. Kiingereza hutofautisha "ship", meli, na "sheep", kondoo, na Mswahili huzitamka sawa. Mcheki huandika moja kwa i fupi na nyingine kwa í ndefu, na ingawa tofauti ya Kiingereza haiishii kwenye urefu, ukiufuata huo urefu utaeleweka. Mkazo usiuchukue kwake, kwani Kicheki hukaza silabi ya kwanza daima kama sisi tunavyokaza ile ya pili kutoka mwisho, na Kiingereza hakimfuati yeyote. Angalia pia miisho: Mcheki hukausha konsonanti ya mwisho, barafu yake huandikwa led na kutamkwa let, hivyo "dog" yake hukaribia "dock", nasi tuna ugonjwa wetu wa kuongeza irabu, tukasema "dogi". Ukiweza kuishia kwenye g, bila kuikausha na bila kuitia i, umetuzidi sote.

Swali (kutoka Tanga): Marehemu baba yangu alisoma Chekoslovakia miaka ya 1960. Ameacha kamusi ya Kicheki na Kiingereza yenye jalada la kitambaa, na pembeni ameandika Kiswahili kwa penseli. Mwanangu yuko sekondari, nataka aitumie kujifunzia Kiingereza. Nimejaribu kutafuta neno "chléb", ambalo baba alikuwa akilitaja akiona mkate, kwenye herufi C na silioni. Je, kurasa zimechanika? Na kamusi hiyo ina faida yoyote leo?

Jibu: Barua yako nimeisoma mara tatu. Miaka hiyo vijana wengi wa Afrika walipelekwa Praha, na mwaka 1961 kilifunguliwa huko chuo kikuu mahususi kwa wanafunzi wa kigeni, Chuo Kikuu cha 17 Novemba, kilichofungwa mwaka 1974. Walijifunza Kicheki kwanza, kisha wakasoma fani zao kwa lugha hiyo. Ile penseli ya baba yako ndiyo safu ya tatu niliyomweleza dada yetu wa Brno hapo juu. Mzee aliivumbua kabla yetu.

Kwa Kiingereza cha mwanao, kamusi ya Kiingereza na Kiswahili itamfaa zaidi, kwa kuwa yeye hana Kicheki cha kupitia. Kamusi ya babu yake aipe heshima ya pekee. Maneno ya nyumbani hayajazeeka: mkate, maji, mlango na mvua ni yaleyale. Ya siasa yamezeeka. Soudruh, ambalo Kiingereza chake ni "comrade" na ambalo nadhani mzee aliliandikia ndugu, leo Mcheki hulisema aghalabu kwa mzaha, na simu ya mkononi, mobil, hamtaiona humo. Mwonyeshe pia maneno mawili yaliyofanya safari kinyume, kutoka nchi ya Wacheki kwenda kwenye Kiingereza na kisha kwetu. Roboti ilizaliwa katika tamthilia ya Karel Čapek ya mwaka 1920, na aliyependekeza neno ni kaka yake Josef, akilitoa kwenye robota, ile kazi ya shokoa ambayo wakulima walilazimishwa kumfanyia bwana wa ardhi. Dola inatokana na sarafu za fedha zilizofuliwa tangu karne ya 16 katika mji wa migodi wa Jáchymov, ambao Wajerumani waliuita Joachimsthal. Sarafu ikaitwa thaler, Wacheki wakasema tolar, Waingereza "dollar". Ndugu za sarafu hizo, zenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria, zilifanyiwa biashara Zanzibar katika karne ya 19, kwa hiyo huenda babu wa babu yenu alizishika kabla baba yako hajapanda ndege.

Kurasa hazijachanika. Kwa Kicheki ch ni herufi kamili, na mahali pake si ndani ya C bali baada ya H. Pita hrad, pita hudba, pita hvězda, maliza H yote, na kabla ya I utakuta mlango wa CH. Chléb imo humo, kurasa chache kutoka mwanzo wake, na ningependa kujua mzee aliandika nini pembeni.